Majina ya utani ya miji yetu: nani anayasema, akiwa wapi, na kwa nini mwenyeji wa Arusha hasemi "Geneva ya Afrika"

ChaliiWaLevolosi (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za muda huu, wakubwa shikamoni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite atarudi jioni akitulia.

Kila baada ya muda lazima uje uzi wa majina ya utani ya mikoa na kila ukija watu wanaorodhesha yale yale, Mwanza Rock City, Moro mji kasoro bahari, Mbeya Green City, Kigoma mwisho wa reli, basi uzi umeisha watu wametawanyika. Mimi hainitoshi. Jina la utani lina mdomo unaolisema, na ukiusikiliza huo mdomo vizuri unajua huyu kazaliwa hapa, huyu alipita akiwa mwanafunzi, huyu kausoma mji kwenye kipeperushi cha utalii. Hicho ndo nataka tukichambue na nitaanza na kwetu Arusha maana ndo ninakokujua.

Chuga. Arusha ilichezewa mdomoni ikawa Arachuga, baadae ikakatwa mbele ikabaki Chuga. Ni jina la vijana wa kitaa na limekomaa na hiphop, ile miaka ya tisini inaelekea elfu mbili machalii wa Kaloleni, Kijenge, Ngarenaro, Sombetini wanachana na kuutaja mji kila baada ya mistari miwili, kwa sababu muziki wote ulikuwa unatokea Dar na mtu wa huku akifika kule swali la kwanza ni we wa wapi. Jibu likawa Chuga. Yaani ukisema Chuga hujataja mji tu, umetaja namna ya kuongea, namna ya kutembea, boot na kofia, na kwamba hutaki mtu akuone mshamba kwa sababu umetoka huku kwenye baridi.

A-Town ni ndugu yake ila hii ni ya maandishi zaidi, utaikuta kwenye fulana, kwenye kofia, kwenye kioo cha nyuma cha kifodi, yaani daladala zetu. Kusema kwa mdomo watu wanasema Chuga.

Sasa sikilizeni nani HASEMI Chuga. Mama anayepanga nyanya soko la Kilombero hasemi Chuga. Mzee wa Ilboru au wa Moshono akishuka hasemi anaenda Chuga, anasema naenda mjini, au tauni. Na ana haki kabisa, maana kwa yule mzee Arusha ni watu kabla haijawa mji. Waarusha walikuwepo kwenye miteremko ya Meru kabla Wajerumani hawajajenga boma, mji ndo uliazima jina la watu. Utamwambiaje mtu aite Chuga kitu ambacho ni jina la kabila lake? Ndo maana nikisikia mtu anasema "wenyeji wa Arusha wote wanaiita Chuga" najua huyo anaijua Arusha ya stendi na Arusha ya bar, ile ya juu kule hajafika.

Halafu kuna hili la Geneva ya Afrika. Linahusishwa na Bill Clinton, alikuja Agosti 2000 kwenye kusainiwa mkataba wa amani wa Burundi, mazungumzo aliyoyaanzisha Mwalimu na baada ya Mwalimu kufariki Oktoba 1999 Mzee Mandela akayapokea akayamalizia. Tangu hapo jina halijatoka kwenye hotuba. Na lina sababu zake jamani, sio la kubeza, hapa ndo ilikaa Mahakama ya Kimbari ya Rwanda iliyoundwa na Umoja wa Mataifa 1994 ikafungwa mwisho wa 2015, hapa ndo makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, hapa ndo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na jengo la mikutano ya kimataifa la AICC na zile pembe zake tatu, Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro, tumelikuta tangu tunazaliwa wengi wetu. Watu wameuawa mamia kwa maelfu nchi za jirani na kesi zao zikasikilizwa hapa kwetu, tukipita na vifodi nje ya geti tunaona magari meupe ya UN yanaingia. Ni jambo zito.

Ila nani analisema? Mkuu wa mkoa analisema, MC wa mkutano analisema, mwenye hoteli analiandika, mwandishi wa habari akikosa namna ya kuanza habari analianzia. Kwenye kifodi sijawahi kulisikia. Kwenye msiba sijawahi kulisikia. Ni jina tulilopewa na mgeni na tunalitumia tukiwa na wageni, ni kama sahani za kabatini.

Majina yenye damu kwa kweli yako kwenye mitaa. Unga Limited, pale ilikuwepo kampuni ya kusaga unga na mtaa ukachukua jina zima na Limited yake, na watoto wa pale wanalitamka kwa fahari, "mi wa Unga Ltd", wanalikata hivo hivo. Philips, kwa sababu ya kiwanda cha Philips. General Tyre, kiwanda cha matairi kilishafungwa lakini konda bado anaita Tyre! Tyre! na watu wanashuka. Esso. Technical. Yaani ukitaka historia ya viwanda vya Arusha kaa kwenye kifodi usikilize vituo, makampuni yamekufa na majina yamebaki kwa makonda. Halafu yale ya Kwa Fulani, Kwa Mrombo, Kwa Iddi, mtu mmoja tu alifika akajenga akafungua biashara, mji ukamfata, leo ni makumi ya maelfu ya watu wanaishi ndani ya jina lake. Kwa Mrombo ndo nalipenda zaidi maana hata sio jina lake, ni kwao alikotoka.

Karibuni. Sheria moja tu: usilete jina bila kusema nani analisema.

BintiRau

Mkuu umeandika vizuri ila na sisi wa Moshi tupo, msituache stendi.

Kwanza hilo la Mo-Town lipo, ila ni la vijana wa mjini, wa Majengo, Pasua, Njoro, Soweto, na ni la juzi juzi ukilinganisha na Chuga. Mimi mama yangu hajawahi kulitamka na hatalitamka. Moshi jina lenyewe ni fupi, ukilikata litabaki nini?

Ila kuna kitu kwetu Chuga hamna. Sisi mji tunautaja kwa kupanda na kushuka. Mtu wa Uru, Kibosho, Old Moshi akienda mjini ANASHUKA. Akirudi nyumbani anapanda. Na tambarare kule chini ya mji kwenye mahindi na alizeti ni porini, hata kama siku hizi kuna nyumba za ghorofa na umeme bado bibi anauliza "umetoka porini?" Sasa mgeni akisikia porini anadhani kuna simba. Ni kwa sababu Mchaga ana kihamba juu kwenye migomba na kahawa, na shamba la mahindi chini, kwa hiyo dunia yote imegawanyika hapo, kihambani, mjini, porini. Hayo ndo majina yetu ya ukweli na anayeyatumia ni yule aliyekulia pale tu, hata mwenzetu aliyezaliwa Dar akija Desemba inabidi afundishwe.

Pili, hakuna mtu wa kwetu anasema "natoka Kilimanjaro" labda anajaza fomu. Tukiwa wenyewe kwa wenyewe ni Machame, Marangu, Kirua, Mwika, Kilema, na ukishasema hapo mwenzio anajua mpaka ukoo. Tukiwa na mtu wa nje tunasema Moshi, tunamrahisishia. Dar nao wamechukua hiyo Moshi wamefunika mkoa mzima, mtu anatoka Tarakea kabisa huko mpakani anaambiwa "Krismasi unaenda Moshi?" wakati Moshi kwake ni safari. Warombo wanaliona hilo na linawakera, mimi nimesoma nao. Na "Kili" ni ya watalii, ya marathoni, ya matangazo ya biashara. Ukimsikia mtu anasema "I love Kili" huyo amekuja na begi la mgongoni.

Halafu mtaa wangu ninaoupenda kuuelezea kwa wageni, Shanty Town. Kwa kiingereza hilo neno ni mabanda ya maskini, sasa njoo uione Shanty Town ya Moshi, miti mikubwa, bustani, nyumba za wenye nazo. Wenyeji wala hatufikirii maana, kwetu Shanty ni Shanty, ukisema unaishi Shanty watu wanakuangalia mara mbili.

ChaliiWaLevolosi

BintiRau dada yangu asante sana, hiyo ya kihamba, mji na pori nimeipenda mno. Na hapo kwenye Old Moshi ongezea wasiojua: mji wenyewe mwanzoni ulikuwa kule juu, kwenye himaya ya Mangi Rindi na baadae mwanae Mangi Meli ambaye Wajerumani walimnyonga Machi 1900. Reli kutoka Tanga ilipofika chini 1911 mji ukahamia kwenye stesheni na jina likashuka nalo, kule juu wakabaki na "Old". Kwa hiyo kihistoria wa juu ndo wenye Moshi, wa mjini ndo waliohamia.

MpagaziWaKibo

Heshima wakuu. Mimi kazi yangu ni mlima, nitasema ya mlimani.

Njia za Kilimanjaro nazo zina majina ya utani na hayo yametokea kwenye hiihii kazi. Marangu inaitwa Coca-Cola, Machame inaitwa Whiskey. Marangu kuna vibanda vya kulala, Mandara, Horombo, Kibo, na soda zilikuwa zinauzwa humo, watu wakaona ni njia laini. Machame unalala kwenye hema na kuna kupanda na kushuka kwingi, ni kali, ndo wakaiita Whiskey. Gaidi, yaani guide anayeongoza wageni, anamwambia mteja hayo majina getini ili amchangamshe. Sisi wapagazi tukiwa tunapanga mizigo hatusemi Whiskey, tunasema "nimeingia Machame", "nimetoka Lemosho", "niko Marangu wiki hii". Jina la utani la mteja, jina la kazi letu.

Na niwaambie ukweli hiyo Coca-Cola ina madhara. Mteja akisikia hivyo anaidharau njia, anakimbia siku ya kwanza anataka amalize kwa siku chache, usiku wa kupanda kileleni kichwa kinauma anatapika, tunambeba. Mita 5,895 ni zile zile ukipita Coca-Cola au Whiskey.

Kuhusu jina la mlima, wazee wa kwetu wanasema Kibo na Mawenzi. Kilimanjaro wanaijua ila ukiwa unaongea nao asubuhi wametoka nje wanaangalia hali ya hewa wanasema "Kibo imefunguka leo". Kilele nacho kimebadilishwa jina, Wajerumani walikiita kwa jina la mfalme wao, Kaiser Wilhelm, tulipopata uhuru Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda akapandisha mwenge na bendera, kikawa Uhuru. Hilo jina halikupewa na mgeni. Hilo tulijipa.

ChaliiWaLevolosi

Mkuu heshima yako. Hii ya Coca-Cola ingefaa ibandikwe getini.

MtuWaMbagala

Nyie wa kaskazini mnajisikia sana hahaha. Mbona hamjaongelea mama wa majina yote, Bongo.

Bongo ilikuwa DAR. Sio Tanzania. Kwa sababu ukikaa Dar bila kutumia bongo hulali umekula. Mtu alikuwa anatoka Iringa anasema "naenda Bongo" maana yake anakuja Dar. Wazee wetu ndo walikuwa wanaongea hivo. Baadae ikapanuka, muziki ukaitwa bongo fleva, Watanzania wa nje wakaanza kusema "nimeimisi Bongo" wakimaanisha nchi nzima, Wakenya nao wakatuita Wabongo wote mpaka Mmasai wa Longido akawa Mbongo. Sisi wa Dar tulivoona jina limechukuliwa tukabaki na "mjini". Mtu yuko Kariakoo anakwambia "niko mjini", yuko Mbagala anakwambia "naenda mjini". Sasa hivi ukisikia mtu yuko Dar anaiita Dar "Bongo" ujue ni mtu mzima kweli kweli.

Mzizima nayo imerudi. Lile ni jina la zamani kabla Sultani Majid hajaja kujenga, lilikuwa limebaki kwenye historia na jina la shule, ila watangazaji wa mpira wakalifufua kwa Dabi ya Mzizima, Simba na Azam. Watoto wa leo wanalijua kwa sababu ya mpira. Na mpira ndo umeshika majina mengi ya mitaa, Msimbazi siku hizi ni Simba, Jangwani ni Yanga, mtu wa Mwanza hajawahi kukanyaga Jangwani anasema "sisi wa Jangwani".

ChaliiWaLevolosi

Mkuu wa Mbagala umetisha, ila nina neno na nyie watu wa Dar na nalisema kwa moyo mmoja.

MIKOANI. Hilo nalo ni jina la utani hata kama hamjui. "Umetoka mkoa?" "Ana ushamba wa mikoani." "Bei ya mkoani." Mtanzania mwenye digrii yake ametoka Arusha, jiji, mahakama za kimataifa, anashuka stendi ya Magufuli anaitwa mtu wa mkoani. Na Dar nayo ni mkoa! Ina mkuu wa mkoa! Nchi nzima mmeipa jina moja, kuanzia Bukoba mpaka Mtwara, kana kwamba tunafanana. Jina la utani linalotaja mahali, hata likiwa la kuchekesha, linakubali kwamba pale mahali papo na pana watu wake. Mwisho wa reli angalau inakuambia kuna reli, ilifika Ziwa Tanganyika 1914, kuna Kigoma, kuna Ujiji. Mikoani haisemi chochote. Ni neno la mtu aliyechoka kuangalia ramani.

Na hapo hapo kwenye mwisho wa reli angalieni nani anasema. Mtu wa Dar akisema "umepangiwa kazi mwisho wa reli" anakupa pole. Mtu wa Kigoma akisema anajitangaza, na wengine wanakugeuzia kabisa wanakwambia kwetu ndo reli inapoanza. Maneno yale yale, midomo tofauti. Mji kasoro bahari ni hivo hivo, wa Moro wanalisema kwa kujidai, mji una kila kitu, milima, maji, matunda, imebaki bahari tu.

MgosiWaChumbageni

Tanga jamani! Waja leo waondoka leo. Hilo analisema nani? Sisi wenyewe tunalisema kwa raha, kwamba mgeni anakuja na haraka zake za kuondoka, akishaonja ukarimu, chakula na maneno matamu habanduki. Wa nje nao wanalisema ila wao wanaweka mambo ya mapenzi na uchawi wa mapenzi, tumeshazoea hatugombani na mtu. Wagosi wa Kaya ni Coastal Union ila kila mwanaume wa Tanga akiwa ugenini anaitwa mgosi, na wenyewe tukikutana huko mbali ni "mgosi!" tu inatosha, hamhitaji kuulizana zaidi.

MwanaBabati

Sisi je ambao mkoa wetu umebadilika na jina halijabadilika midomoni?

Manyara ilimegwa kutoka Arusha 2002. Mimi nimezaliwa Babati ikiwa Arusha, wadogo zangu wamezaliwa Babati ikiwa Manyara, nyumba moja. Baba mpaka leo akiulizwa mkoa anasema Arusha na hajakosea kwa umri wake. Vijana wa Babati wanasema Manyara bila shida. Halafu nenda Mirerani, tanzanite yote ya dunia inatoka pale, ni Simanjiro, ni Manyara kiserikali, lakini wanaapolo, wachimbaji wa tanzanite, wote wanahesabu ni Arusha maana wanauzia Arusha, wakipata wanakula maisha Arusha, wakikosa wanakuja kuanza upya Arusha. Mtalii anaambiwa tanzanite ya Arusha. Na mtalii huyo huyo anadhani Manyara ni hifadhi yenye ziwa na nyani, hajui kwamba kuna mkoa wenye watu, Wairaqw, Wagorowa, Wabarbaig, Wamasai. Kwa hiyo mkoa wetu umekaa katikati ya jina la zamani na jina la hifadhi. Tunataka kusikika kama Babati, kama Mbulu, kama Hanang. Hilo ndo ombi langu kwenye huu uzi.

ChaliiWaLevolosi

Mwana Babati nimekusoma na naomba wote waisome hiyo mara mbili. Magaidi na madereva wa utalii humu mnalo jukumu, nyie mnasema "kreta", "Seronera", "Manyara" kutwa nzima kwa lugha ya kazi na mnaelewana, sawa, lakini mkiwa na wageni wenu mtajeni na Karatu kama mji wa watu, Mto wa Mbu kama mji wa watu, sio mahali pa kuchukulia lunch box.

DerevaWaNamanga

Wakuu mimi nakaa Namanga nazunguka na mzigo, Kenya hawa watu ni hatari kwa majina na wengi hupenda namba.

Mombasa ni 001 kwa sababu kwenye orodha ya kaunti ndo ya kwanza, vijana wa pwani wameichukua kabisa wanaandika kwenye matatu na tuktuk. Wazee wa Mombasa hawana habari na 001, wao ni Mvita, na mtu wa Lamu ukimuuliza kwao anakwambia Amu. Eldoret inaitwa 64, eneo lilikuwa shamba namba 64 enzi za walowezi, mpaka leo makanga anaita "64" na abiria wanapanda. Nakuru ni Nax. Nairobi ni Nai kwa vijana.

Nilichojifunza barabarani: ukiwa mgeni usianze na jina la utani. Mimi nikifika Eldoret nasema Eldoret. Wakishanizoea, tukishakula pamoja, wao wenyewe wananiambia "umerudi 64?" basi hapo nimeruhusiwa. Mgeni akianza nalo siku ya kwanza watu wanamuona anajipendekeza au anatafuta kitu.

Na wao wanatuita Bongo kwa upendo kabisa, hapo sina tatizo nao.

BintiRau

Dereva hapo umegusa penyewe. Hata Chuga iko hivo. Mimi wa Moshi nikisema "niko Chuga" machalii wanacheka, wananiambia sema Arusha tu dada.

ChaliiWaLevolosi

Hahaha dada BintiRau wewe tunakuruhusu.

Ila dereva yuko sahihi na hata huko mbele ni hivyo hivyo. New York inaitwa Big Apple, lilikuwa neno la watu wa mbio za farasi, mwandishi mmoja wa gazeti, John J. Fitz Gerald, akalieneza miaka ya 1920, likafifia, miaka ya 1970 watu wa utalii wakalifufua kwa matangazo. Mkazi wa kule kwa kawaida halitumii, ni la fulana za wageni. San Francisco ukisema Frisco wenyeji wengi hawapendi, wao wanasema "the City" imetosha, sawasawa na mzee wa Ilboru na "mjini" yake. Kumbe hata huko mbele wako wenyeji wengi wasioona haja ya kuupa mji wao jina la pili, kwao uko mmoja tu.

Na zile fupi fupi, Dom, Moro, Shy, Zenji, hizo kwa maoni yangu zimesambazwa na wanafunzi wa vyuo. Mtu anatoka Arusha anapelekwa UDOM miaka mitatu, anarudi anasema Dom kama kazaliwa Chamwino. Mzee wa Kigogo hasemi Dom. Zenji anaisema wa bara, Mzanzibari mwenyewe atakwambia Unguja au Pemba, na sisi wote huku kwake ni Bara, Arusha na Dar kapu moja, kwa hiyo watu wa Dar mnaotuita mikoani mjue na nyie kuna mahali mmefungwa pamoja na sisi.

Kitu kimoja cha mwisho nilichotaka kusema tangu mwanzo. Kuna majina yanauma na tuyaache. Kuna mitaa ya Arusha ikitajwa watu wanaweka mkono mfukoni kushika simu, na kuna majina ya ziada yanapewa hiyo mitaa, ya vita, ya nchi zenye vita, siyaandiki hapa. Anayeyasema haishi huko. Anayeishi huko anaandika barua ya kazi na akifika kwenye anuani anaandika kata ya jirani. Nawajua vijana wanaofanya hivyo, wana akili, wana heshima, wanaficha kwao. Jina la utani likishamfanya mtu afiche kwao hilo sio utani tena, na sisi tunaolirusha kwenye magrupu kwa kuchekesha ndo tunalilisha. Unga Ltd iliwahi kusemwa vibaya sana na vijana wa pale wenyewe wakalishika jina lao wakaliimba wakaliweka kifuani mpaka likawa la sifa. Walifanya wenyewe, hakuna mkuu wa mkoa aliyewasaidia wala kampeni ya mtu.

Kwa hiyo leteni ya mitaa yenu sasa, ya miji imetosha. Moshi nataka kusikia ya Pasua na Bondeni. Tanga Chumbageni na Ngamiani. Na ukiandika weka umri wako na kama umezaliwa hapo au umehamia, ili tujue ni mdomo wa nani.

MamaWaNgaramtoni

Nina miaka 58, nimeolewa Ngaramtoni natokea Mwika. Huku tukienda Arusha tunasema mjini. Kwetu Mwika nikienda nasema nyumbani hata baada ya miaka yote hii, na watoto wangu wanasema "kwa bibi". Wajukuu ndo wanasema Chuga.